Usife na Tai Shingoni

Kijana uliyekubaliwa katika mpango wa kulea wachangiaji wa programu huria, nasema na wewe. Nawe uliye katikati ya kuandika pendekezo, chaji inakwisha na bando linaisha usiku wa manane, vuta kiti. Na wewe uliyeomba mwaka jana ukakataliwa, ukasema haya mambo yana wenyewe huko Bangalore na Berlin, usiondoke. Neno hili linakuhusu kuliko wote.

Sikuja na mbinu za kupita mchujo. Hizo zimejaa kila kona, na nyingi ni za kweli. Nimekuja kuonya juu ya dhambi moja, ile inayowamaliza vijana wetu wenye akili kabisa ndani ya miradi ya programu huria. Si uvivu, mvivu hafiki hata kwenye fomu. Si ujinga, mnakwenda kujifunza, na anayejua kila kitu hana haja ya kupewa mlezi. Dhambi yenyewe ni kunyamaza. Ni kukwama Jumatatu, ukavaa uso wa mtu aliyeshiba hadi Jumatatu ya pili. Ni kumwandikia mlezi wako "naendelea vizuri" ilhali programu haijawaka kwenye mashine yako tangu ulipoipakua. Mtaani tunaita kufa na tai shingoni, na wapo wanaojivunia. Huko mnakokwenda, ndugu zangu, tai haimsitiri mtu. Inamnyonga.

Tazameni kwanza nyumba mnayoingia. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa imani hiyo mwaka 1983, na wengi waliomfuata hawakufanana naye kwa lolote isipokuwa hilo. Mwaka 2005 Google wakaanzisha Google Summer of Code, mpango wa kuwalipa wageni wachangie miradi huria chini ya mlezi, wakachukua wanafunzi wapatao 400. Leo waliopita humo ni zaidi ya 20,000, kutoka nchi zaidi ya 100. Tangu mwaka 2022 si lazima uwe mwanafunzi wa chuo: yeyote aliyetimiza miaka 18 na aliye mgeni katika kazi hii anaweza kuomba. Ipo Outreachy, ya namna ile ile, inayochukua watu mara mbili kwa mwaka kwa miezi 3, kundi moja likianza Mei na jingine Desemba. Zipo na nyingine. Zote zinakutana hapa: kazi inafanyika kwa mbali. Hakuna ofisi. Hakuna msimamizi anayepita nyuma ya kiti chako akakuona umeshika tama. Mlezi wako anakujua kwa maandishi yako tu. Usipoandika, haupo.

Nani alikudanganya kwamba wakubwa wa kazi hii walijitokeza wakiwa wamekamilika? Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, aliwaandikia watu asiowajua kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji. Ulikuwa haujakamilika. Haukuwa na vitu vingi ambavyo mfumo unapaswa kuwa navyo, naye akawaambia hivyo waziwazi, akaomba maoni yao. Angengoja uive ndipo autoe, pengine tusingemsikia. Alitoa mfupa, watu wakautia nyama. Leo Linux iko chini ya Android katika simu iliyo mfukoni mwako, na tangu mwishoni mwa 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nayo. Yote hayo yalianza na mwanafunzi aliyeonyesha watu kazi mbichi.

Na wewe unaficha tawi lako la msimbo kwenye mashine yako wiki nzima kwa kuwa "bado sijalisafisha".

Najua kimya chenu kimetoka wapi. Mwalimu anamaliza ubao mzima wa hesabu, anageuka, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo, mwalimu!" Na humo ndani hakuna watoto watano walioelewa. Anayenyoosha mkono kusema hakuelewa anachekwa hadi mapumziko. Nyumbani mtoto mwema ni yule asiyewasumbua wakubwa kwa maswali. Chuoni unasimama nje ya mlango wa mhadhiri, unasoma kibandiko cha jina lake mara kadhaa, kisha unarudi hosteli na swali lako. Miaka kumi na sita ya shule imekufundisha kwamba kuonekana umeelewa ni salama kuliko kuelewa. Halafu mlezi wako aliye Indianapolis, Marekani, anakuandikia, "Una swali lolote?" Unajibu nini? Unaitikia lile lile la darasa la nne.

Sitaki mnielewe vibaya. Siwaambii mtupe heshima; heshima ni yetu na inatupendeza. Nasema katika nyumba hii heshima ina sura nyingine. Huku watu wanaitana kwa jina la kwanza, mwenye shahada ya uzamivu na aliyeacha shule, na ukimwandikia mlezi wako "Mheshimiwa Profesa" atadhani umekosea anwani. Kumheshimu mlezi ni kutomfanya akisie. Amejitolea, na mara nyingi ana ajira nyingine ya mchana. Saa anazokupa amezikata kwenye usingizi wake au kwenye muda wa watoto wake. Ukimficha ulipokwama, saa hizo umezitupa. Ukimwonyesha, umezitumia. Adabu iko wapi kati ya hayo mawili?

Na kimya kina tarehe yake ya hukumu. Google wana tathmini mbili: ya katikati na ya mwisho. Mlezi ndiye anayetoa jibu, na malipo yanafuata jibu hilo. Anakaa chini, anafungua historia ya kazi yako, anatafuta cha kusimamia. Mtu aliyehangaika mbele ya macho yake, aliyeuliza, akakosea, akarudia, huyo ana kesi ya kutetewa hata kama kazi haijafika ilikopangwa. Aliyetoweka wiki tatu kisha akaibuka na rundo la msimbo usiku wa kuamkia tathmini, mlezi atamteteaje? Outreachy wamelijua hili siku nyingi. Wakati wa programu huwataka washiriki wao waandike hadharani juu ya kitu kilichowashinda, na mada yenyewe wameipa jina linalosema kwamba kila mtu hukwama. Fikirini: mpango unaokulipa unakupa kazi ya kukiri hadharani ulichoshindwa, na unaihesabu kuwa kazi.

Basi ulizeni. Lakini ulizeni kama watu wanaotaka jibu.

Sisi tuna salamu ndefu, nami nazipenda. Lakini usiandike, "Habari za leo? Samahani kwa usumbufu, naomba kuuliza swali," kisha ukakaa kungoja ruhusa. Ukiamka saa mbili asubuhi Dodoma, Indianapolis ni saa saba usiku. Mlezi ataiona salamu yako usiku wa huku, atajibu, "Karibu, uliza," wewe umeshalala. Siku imekwenda kwa salamu. Ukiuliza swali nusu, atakuuliza nusu nyingine, siku ya pili imekwenda. Kwa mwendo huo wiki ina maswali mawili.

Andika vyote kwa pumzi moja. Salimia, kwa mstari mmoja. Sema ulitaka kufanya nini. Sema ulifanya nini, hatua kwa hatua. Nakili maneno yaliyotolewa na kompyuta, yote, maandishi yenyewe, na si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa na mwako wa taa katikati. Taja umejaribu nini na nini hakikusaidia. Malizia kwa unachoshuku, hata kama unaona aibu kukishuku. Mara nyingi utakuta umefika katikati ya kuliandika swali na jibu limejitokeza lenyewe. Vizuri! Liandike na hilo jibu, maana kuna mwingine Kigali au Zanzibar atakayekwama palepale mwezi ujao.

Ndiyo sababu nawasihi: msiulizie chumbani. Ujumbe wa siri kwa mlezi una mahali pake, kwa mambo ya afya, ya msiba, ya mtu aliyekunyanyasa. Hitilafu ya programu si siri yako. Ipeleke kwenye uwanja wa mradi ambako watu wote wanasoma. Mlezi wako anaweza kuwa safarini, atakujibu mwingine. Na ukae ukijua kwamba watunzaji wa mradi wanakupima hapo hapo uwanjani, wiki nyingi kabla ya kuchagua. Outreachy hawamchukui mtu ambaye hajachangia kitu katika mradi anaoomba. Kipindi hicho cha kuchangia, cha karibu mwezi mmoja, ndicho usaili wenyewe, na ulinyamaza ukidhani usaili bado.

Mnasema Kiingereza kinawatisha. Nendeni mkasome mazungumzo ya miradi hiyo mpate kucheka na kupona. Mjerumani anavunja, Mbrazili anavunja, Mjapani anaandika sentensi ya maneno sita na inatosha. Andikeni sentensi fupi. Hakuna aliyekosa kuunganishiwa msimbo wake kwa sababu ya kukosea wakati uliopita.

Semeni na habari za umeme. Semeni kabla. Kama mtaa wenu una mgao, uandike kwenye pendekezo lako pamoja na utakachofanya ukikatika. Kama mitihani ya mwisho wa muhula inaangukia Julai, iandike kwa tarehe. Kama chuo kinakupeleka fildi, au atachimenti kama wasemavyo Kenya, katika miezi ile ile ambayo mradi unakudai, usijidanganye kwamba utafanya vyote usiku. Mwambie mlezi, mpange upya. Google wanaruhusu kazi ndogo na kubwa, na tarehe ya kumalizia inaweza kusogezwa kwa makubaliano. Inasogezwa kwa aliyesema. Jambo jingine dogo, kwa kuwa limewakosesha watu vikao: mkutano ukiandikwa 14:00 UTC, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Msiingie saa nane mkakuta chumba kitupu mkadhani mmetupwa.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana kimya kina pande mbili, na huu wa pili unaniuma zaidi. Mnanyamaza hata yale mnayoyajua.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mfumo ulikuwa mdogo. Kisha tiba ya UKIMWI ikaanza kufika kwa watu wengi kupitia AMPATH, mpango wa ushirikiano huo wa Moi na Indiana, na ule mfumo mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari na wataalamu wa kompyuta wa Taasisi ya Regenstrief, wakafika Eldoret, wakaona, na katika safari ile ndipo wazo la OpenMRS likazaliwa. Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health akaungana nao. OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. KenyaEMR imejengwa juu yake, UgandaEMR imejengwa juu yake, Rwanda wameitumia tangu siku za mwanzo. Na tangu mwaka 2007 OpenMRS imekuwa ikipokea vijana kupitia Google Summer of Code.

Mmesikia? Mmoja wa miradi inayowalea vijana wa dunia nzima ulianzia Bonde la Ufa. Kijana wa Delhi anaomba kwa moyo wote kuingia katika kazi iliyozaliwa kwenye zahanati zetu, na wewe wa Kisumu unaipita ukitafuta mradi wenye jina kubwa.

Na ukiingia, unajua kitu ambacho msimbo haukwambii. Umekaa kwenye benchi la mapokezi na bibi yako. Umemsikia karani akiuliza, "Umezaliwa lini?" na bibi akahesabu kwa njaa na mvua. OpenMRS ina mahali pa kuweka alama kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Bila shaka mtu fulani aliyeijua hali hiyo alisema, ikawekwa. Angenyamaza, kila bibi angezaliwa tarehe 1 Januari na hakuna ambaye angejua ni kisio. Mangapi bado hayajasemwa? Jina la tatu ambalo fomu inalilazimisha kuwa la ukoo. Simu moja wanayotumia watu wanne wa nyumba moja. Tarehe 3/4, ambayo kwa Mmarekani ni tarehe nne ya mwezi wa tatu, na kwa muuguzi wa Bukoba ni tarehe tatu ya mwezi wa nne, na katikati yao kuna dozi ya mtoto. Mlezi wako aliye mbali hawezi kuyaota haya. Amesoma miaka mingi kukuzidi, na bado hapa wewe ndiye mwalimu. Ukikaa kimya kwa unyenyekevu, unyenyekevu huo analipa mgonjwa.

Ninaposema msinyamaze, wapo watakaosikia "pigeni kelele". Mungu atuepushe. Kelele ni ndugu wa kimya; zote mbili zinaficha kwamba hakuna kazi. Oktoba 2020 dunia iliona aibu ya jambo hili. Kampuni moja ilikuwa ikitoa fulana kwa waliotuma michango kadhaa katika miradi huria mwezi huo, katika shindano la Hacktoberfest. Watu kwa maelfu wakaanza kuongeza neno moja la sifa kwenye ukurasa wa utangulizi wa mradi na kuliita mchango. Watunzaji waliokuwa wakijitolea walitumia siku zao kufuta takataka, hadi masharti ya shindano yakabadilishwa mwezi ukiwa bado mchanga, ikabidi kila mradi ukubali kwanza kushiriki. Kwa fulana! Fulana ambayo kwenye mitumba ya Karume au Gikomba ungeipata kwa bei ya chipsi.

Leo kelele zimepata mashine. Unaibandika hitilafu kwenye akili bandia, inakupa kurasa mbili zenye lugha tamu, unazituma bila kuziendesha hata mara moja. Daniel Stenberg wa Sweden, mtunzaji wa curl, programu iliyo ndani ya mabilioni ya vifaa, amelalamika hadharani mara nyingi juu ya ripoti za usalama zilizotungwa hivyo: ndefu, zenye adabu, na za uongo mtupu. Sikatazi chombo. Kitumie kikueleze usichoelewa, kisha kiulize tena, kisha kihakikishe. Lakini usitie jina lako chini ya mstari ambao huwezi kuueleza ukiulizwa. Na mradi ukisema hautaki kabisa msimbo wa aina hiyo, umesikia. Usijadiliane na mwenye nyumba mlangoni.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe la kwanza ni dogo, na wengi wanalidharau. Kurekebisha kosa la tahajia katika maelekezo. Kuandika jaribio la kuthibitisha kwamba hitilafu ipo. Kufuata hatua za kusakinisha na kuripoti kwamba hatua ya tano imepitwa na wakati. Hilo la mwisho ni la thamani kuliko mnavyodhani, kwa sababu watunzaji hawawezi tena kulifanya. Wao walisakinisha zamani, wamesahau ugumu. Ugeni wako una wiki chache tu za kuishi. Utumieni kabla haujafa.

Na mpokee ukaguzi wa kazi yenu kwa furaha. Utatuma mistari ishirini, itarudi na maoni thelathini. Usilie. Usikasirike. Usiufunge ukurasa ukatoroka, maana huko ndiko kunyamaza kwenyewe. Mnajua kwa nini wanakagua hivyo? Aprili 2014 ulimwengu uligundua tundu lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya intaneti, benki zikiwemo. Kosa lilikuwa ni kutokagua urefu wa ujumbe uliopokewa: kompyuta iliulizwa neno fupi, ikaambiwa ni refu, ikamimina na siri zilizokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake. Msimbo ule ulikaguliwa kabla ya kuunganishwa, na kosa likapita. Likakaa humo miaka miwili. Makampuni tajiri kuliko yote duniani yalitumia kazi ile bure huku ikibebwa na watu wachache mno, na ni wachache waliowahi kuuliza, "Mnahitaji msaada?" Kimya cha matajiri nacho ni kimya.

Mwaka 2024 kikaja kisa kibaya zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameichangia xz, programu ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa mpole, mchapakazi, mwepesi wa kujibu. Mtunzaji wa xz wa siku nyingi alikuwa amechoka na alikuwa peke yake, na akaunti nyingine zikawa zinamsukuma aachie usukani. Akampa Jia Tan nafasi ya kuushika pamoja naye. Jia Tan akaingiza mlango wa siri ambao ungewafungulia wavamizi kompyuta zisizo na idadi. Nani aliuona? Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akishughulikia jambo jingine kabisa, aliona kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi na wewe tungesema mtandao una shida leo. Yeye alichimba, na tarehe 29 Machi 2024 akawaandikia watu wote alichokiona. Basi mtunzaji akikuuliza maswali mengi, akichelewa kukupa funguo, usione anakudharau kwa sababu unatoka Mwanza. Anamuuliza hivyo kila mtu, na ana sababu. Nawe ukiona kitu kisichokaa sawa, hata kiwe kidogo cha kuchekesha, hata kama kila mkubwa amepita hapo bila kusema, sema.

Binti zangu, sikuwasahau. Mwaka 2006 mradi huria wa GNOME ulipokea maombi 181 ya Google Summer of Code, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Hawakuishia kusema wanawake hawapendi mambo haya. Walitangaza nafasi kwa ajili ya wanawake, wakaomba 100, wakachukuliwa 6. Walikuwepo wakati wote! Mbegu ile ilifufuliwa mwaka 2010 na Marina Zhurakhinskaya, aliyefariki mwaka 2022, na ndiyo iliyokua ikawa Outreachy, inayowapokea wanawake na wengine wote waliozoea kuachwa nje katika fani hii. Ukiogopa kuuliza kwa kuwa kundi la wavulana wa darasani lilikucheka, jua kwamba hapa pamejengwa mahali kwa sababu yako. Na akitokea wa kukutania kwa ubaya humo ndani, miradi mingi ina kanuni za maadili na watu wa kupokea malalamiko. Peleka malalamiko. Wewe si wa kunyamaza kuliko wengine.

Fedha? Semeni mnaitaka, si dhambi. Bumu halitoshi na kila mtu anajua. Outreachy hulipa dola 7,000 za Marekani kwa miezi yake mitatu. Google hupima kwa gharama za maisha za nchi na ukubwa wa kazi, na hutoa kwa mafungu mawili baada ya zile tathmini. Hakuna kati yao anayetoza ada. Anayekudai "ya usajili" au "ya kuharakisha", awe amevaa nembo gani, ni tapeli, mtangaze.

Uliyekataliwa, sogea karibu. Mradi ulipokea maombi mengi na nafasi zilikuwa chache. Hilo halikuwa neno juu ya akili yako. Mwandikie mlezi uliyemwomba, mshukuru, muulize ni nini kingeliimarisha ombi lako. Wengi hujibu. Kisha fanya jambo ambalo washindani wako wote watakuwa wameacha: baki. Mlango wa msimbo haufungwi na barua ya Google. Rekebisha hitilafu moja Juni, nyingine Agosti, wakati ambapo hakuna anayehesabu. Mwakani, jina lako likitokea kwenye orodha ya waombaji, watunzaji watakuwa wanalijua.

Nanyi mtakaomaliza, mkalipwa, mkapewa cheti: msipotee Septemba kama wanafunzi wa tuisheni mtihani ukiisha. Walezi wengi wa leo walikuwa washiriki wa jana. Yuko msichana Tabora atakayejitokeza kwenye mradi wako, ataandika, "Samahani kwa usumbufu, naomba kuuliza swali," kisha atanyamaza, na utajua kabisa kinachomzuia. Usingoje aulize mara ya pili. Mwandikie, kwa Kiswahili kama mradi unaruhusu. Kiswahili hakikuanza jana humu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa lugha yetu, na kazi ya kutafsiri miradi mingine ingali inangoja mikono.

Mashirika yanayoshiriki Google Summer of Code hutangazwa kwa kawaida Februari, na mapendekezo hupokelewa kuanzia Machi. Outreachy hufungua maombi ya awali mwanzoni mwa mwaka kwa kundi la Mei, na karibu na Agosti kwa kundi la Desemba. Lakini uwanja wa mradi hauna msimu. Uko wazi usiku huu. Chagua mmoja, usichague kumi. Soma kanuni zake za kuchangia hadi mwisho. Pakua msimbo wakati bando ni nafuu, ujaribu kuuwasha, na ukigoma, kama utakavyogoma, nakili maneno yote iliyokupa kompyuta, ingia uwanjani, taja jina lako, sema ulipofikia, uliza.